Dishi mbili za satelaiti Ngomeni: miaka mitano ya mwale wa watu wote, halafu Starlink

Naandika hii rivyu sababu kila wiki simu inalia, mmoja yuko Kiunga, mwengine Garsen, mwengine ana nyumba ya wageni kule Pate, na swali ni moja tu, "kaka, hilo dishi lako jeupe lina spidi gani?" Jeupe ni la Starlink, intaneti ya satelaiti ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Na mie kila mara nawajibu swali sio hilo. Spidi wanakuandikia kwenye boksi. Swali ni hivi, ule mwale unaokushukia kutoka juu mnagawana wangapi, na anayeugawa anaangalia mahitaji yenu au aliugawa siku ya kwanza akaenda zake. Nimelipia satelaiti za aina mbili kwa pesa yangu mwenyewe na tofauti yote nliyoiona iko hapo kwenye mgao, kwa hivyo kaeni vizuri manake ni ndefu kidogo.

Nina saiba hapa Ngomeni, Magarini, kaunti ya Kilifi. Kompyuta sita, printa mbili, na waifai ya kuuza kwa saa. Wateja wangu ni wavuvi, vijana wa mashamba ya chumvi, watoto waliomaliza kidato cha nne wanaotafuta vyuo, na ikifika mwezi wa sita wanakuja wote waliosahau ritani za kodi za KRA, tarehe 30 humu ndani hakuna pa kukanyaga. Ukisimama ufuoni unaona zile nguzo za San Marco baharini, jukwaa la Waitaliano lililorusha satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Disemba 1970, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Wazee wetu wameona roketi ikipanda kwa macho yao. Ndio maana inanikera sana mtu wa hapa akiambiwa satelaiti sio mambo yake.

Sasa dishi la kwanza. Kampuni siitaji, nlifungiwa 2019, dishi kubwa la mita 1.2 limesimikwa kwenye zege nyuma ya duka, linatazama karibu utosini. Karatasi ilisema Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde. Na kusema haki asubuhi saa moja ilikuwa inafika 8 hata 9, nikapima nikafurahi nikamwonyesha ami yangu. Ikifika saa mbili usiku ilikuwa 0.6. Sio siku moja, kila siku, miaka mitano. Mtu anajaza fomu ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, anafika ukurasa wa kulipa, inazunguka mpaka inamtoa nje, anaanza upya, na mie siwezi kumlipisha saa mbili kwa kazi ya dakika kumi. Nikipiga simu naambiwa hali ya hewa. Mbingu nyeupe haina hata wingu, hali ya hewa gani?

Aliyenifungua macho ni fundi aliyekuja kubadilisha kile kichwa cha dishi kilicholiwa na chumvi. Mtu mzima, ameanza kazi hii zamani, nikamwandalia chai na mahamri tukakaa. Akanambia, "Mwanangu, dishi lako halina kosa, mwale ndio umejaa." Nikamwuliza mwale gani. Akachukua kijiti akachora chini, duara kubwa, akasema hapa ndani kuna wewe, kuna kambi za watalii, kuna mabenki, kuna mashirika kule kaskazini, wote mnakunywa kwenye mfereji mmoja. Satelaiti za zamani zimegawanywa vipande, kimoja kwa kawaida kina upana wa masafa wa megahezi 36. Ukikikamua vizuri, biti mbili kwa sekunde kwa kila hezi, unapata Mbps 70 na kitu. Basi. Hapo ndio mwisho wa maji kwenye tangi. Ukiuza kwa wateja 500 na kila mmoja ukamwandikia Mbps 10, saba tu wakifungua bomba mpaka mwisho kwa wakati mmoja tangi limekauka, na hiyo ni kama kampuni imekodi kipande kizima, yeye alisema yangu ilikodi chini ya hapo.

Nliijua hesabu hiyo lakini uchungu wake nliuonja tarehe 12 Mei 2024, Jumapili. Siku hiyo kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Simu za watu zikawa za kupigia picha tu. Jumatatu asubuhi duka limejaa mpaka barazani, wameambiwa huyu ana satelaiti, haitegemei kebo. Na ni kweli laini yangu haikukatika, taa zote za modemu kijani, lakini hakuna kinachofunguka! Kila mwenye dishi ndani ya duara lile alikuwa amejazana watu kama mie. Siku ambayo satelaiti ilitakiwa itusaidie ndio siku ilishindwa, sababu mwale ule ulikuwa na ujazo uleule wa Jumapili ya kawaida, hauwezi kuongezeka pale penye shida wala kupungua pale palipolala. Kulikuwa na mama mmoja anataka kutuma barua ya bima ya hospitali kwa mwanawe, akakaa mpaka saa nane akaondoka. Siku hiyo niliamua naachana nao.

Hebu niseme kidogo jinsi huu mgao unavyofanya kazi, manake ukiuelewa hutadanganywa na mtu anayeuza.

Kituo cha Longonot, cha mawasiliano ya satelaiti, kilifunguliwa 1970, mwaka uleule ilioruka satelaiti ya Uhuru. Enzi zile satelaiti za mawasiliano zilikuwa na mwale mpana unaomulika kama theluthi ya dunia kwa pamoja, ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinazunguka sawasawa na dunia kwa hivyo unaziona zimesimama. Mwale mpana ni kama karabai iliyotundikwa mlingotini, inamulika ngalawa, inamulika na maji matupu pande zote, mwanga mwingi unapotea. Baadaye wakajifunza kutengeneza miale myembamba, kila mmoja unamulika eneo lake tu, na faida yake sio mwangaza peke yake. Faida kubwa ni kwamba masafa yaleyale yanaweza kutumika tena na tena. Mwale wa Mombasa na mwale wa Kisumu inaweza kutumia masafa sawa sababu haigusani, ila majirani wanaopakana lazima watofautiane, la sivyo wanaingiliana kama redio mbili kwenye stesheni moja. Kwa hivyo wanapaka ramani kama rangi nne, masafa mawili, na kila masafa yana mawimbi yanayozunguka kulia na yanayozunguka kushoto, 2 mara 2 ni nne, na rangi moja haipakani na mwenzake. Satelaiti ya Konnect ya kampuni ya Eutelsat, iliyorushwa Januari 2020 kwa ajili ya Afrika na Ulaya, ina miale 65 na uwezo wa Gbps 75, yaani Mbps 75,000. Linganisha na zile Mbps 70 za kipande cha zamani, ni mara elfu moja na zaidi, na siri yake kubwa ni hiyo ya kurudia masafa.

Lakini gawanya 75 kwa 65. Kila mwale unapata Gbps 1 na kidogo kwa wastani, na hapo ndio kuna tatizo ambalo wainjinia wanaumiza kichwa nalo mpaka leo. Watu hawakai kwa wastani. Mwale mmoja unaangukia jangwa, mwengine unaangukia mji, na ule wa jangwa hauwezi kumpa mwenzake alichobakisha kama satelaiti ilijengwa na miale iliyokazwa mahali pake. Satelaiti kama hizo zinajengwa zidumu miaka 15 hivi, sasa niambie nani aliyeweza kujua miaka 15 kabla ni wapi kutakuwa na kambi, bandari, mgodi, au chuo? Ramani inachorwa, watu wanahama, mwale unabaki palepale.

Vitu vya kugawa kule juu ni vinne, nimejaribu kuvisoma muda mrefu nikavielewa hivi: nguvu ya umeme, manake satelaiti inakula jua tu na betri zake, upana wa masafa, muda, na mahali mwale unapoelekea. Ukikaza vyote vinne unapata dishi langu la kwanza. Ukiviachia vyote vinne vibadilike, unapata hesabu ngumu sana, manake ukiongeza nguvu hapa unamchafulia jirani, ukimpa mmoja masafa zaidi mwengine anapungukiwa, na majibu yanatakiwa sasa hivi sio kesho. Kuna njia wanaita kurukaruka kwa mwale, yaani badala ya kuwasha miale yote wakati wote kwa nguvu kidogokidogo, satelaiti inawasha michache kwa nguvu zote, inaruka kutoka eneo hili kwenda lile kwa vipande vya milisekunde, penye watu wengi inakaa zaidi, pasipo na mtu inapita. Ni kama bibi anayemwagilia mchicha kwa mpira mmoja, hasimami sawa kwenye kila tuta, tuta lililokauka analipa zaidi. Wewe uliye chini huoni kukatika sababu zamu inarudi haraka mno. Nliposoma hiyo niliweka simu chini nikafikiria zile usiku zote za 0.6, manake saa mbili usiku ofisi za benki ndani ya duara langu zilikuwa zimefungwa, muda wao ungeweza kuja kwetu.

Haya, Starlink. Waliingia Kenya Julai 2023, mie nlinunua Agosti 2024, seti nzima 45,500 na mwezi 6,500 bila kikomo cha data. Bei zao zimekuwa zikibadilika na zipo pakiti ndogo za bei nafuu na hata za kukodi dishi, kwa hivyo angalieni wenyewe kabla hamjatoa pesa. Kufunga hakuna fundi, unaweka juu, unachomeka, unafungua programu kwenye simu, inakuambia geuza kidogo huku. Nlianza saa tisa alasiri, kabla ya magharibi watu walikuwa wanatumia.

Vipimo vyangu, nliandika kwenye daftari miezi mitatu, saa moja asubuhi na saa mbili usiku. Asubuhi kati ya Mbps 150 na 210. Usiku kati ya 90 na 140. Usiku! Ile saa iliyokuwa inaniua. Kuna siku tulikuwa na kompyuta sita zote, waifai watu kumi na saba, na kijana mmoja anaongea kwa video na mkewe Muscat, nikamwona anacheka vizuri bila kusema "hebu rudia". Kwenye dishi la zamani maongezi ya video yalikuwa kazi, unaongea, unangoja, mnagongana, manake habari ikipanda kilomita 35,786 na kushuka, halafu jibu lipande na kushuka tena, mwanga wenyewe unachukua karibu nusu sekunde, nlikuwa napima milisekunde 650. Satelaiti za Starlink ziko chini ya kilomita 600 tu. Nilipofunga nlipata kama 120, manake trafiki ilikuwa inashukia mbali, halafu Januari 2025 walipoweka kituo chao cha mtandao Nairobi ikashuka mpaka 30 na kitu. Wanafunzi wanaofanya mitihani ya mtandaoni sasa wanakuja kwangu kutoka mpaka Gongoni.

Ila nirudi kwenye mwale, hiyo spidi inatoka wapi. Dishi lile jeupe halina kioo cha kuzunguka, ndani kuna antena ndogondogo nyingi sana zinazopishanisha mawimbi kwa wakati, na kwa kupishana huko mwale unaelekea popote bila kitu chochote kusogea. Satelaiti nayo vilevile. Ardhi yote wameigawa seli, kama masega ya nyuki, kila seli upana wake kama kilomita 24, na mwale unashuka kwenye seli. Kilomita 24! Duara la fundi wangu lilikuwa nchi nzima na ziada. Halafu kila sekunde 15 mpango unapangwa upya, satelaiti gani inahudumia dishi gani, kwa sababu zile za chini hazisimami, zinazunguka dunia kwa dakika 95 hivi, ikichomoza upande mmoja baada ya dakika chache imezama upande wa pili. Kwa hivyo huo mgao sio wa kupanga mara moja ukaenda kulala, kila sekunde 15 kuna hesabu inafanywa kwa mamilioni ya madishi duniani. Sijawahi kuona mgao wowote Kenya hii, wa maji, wa stima, wa mbolea, unaopangwa upya mara nne kwa dakika.

Na Ngomeni tuna bahati nyengine ambayo watu hawaifikirii, bahari. Mashariki yangu ni seli tupu mpaka mbali sana, labda meli moja moja. Satelaiti ikiwa juu ya Bahari ya Hindi karibu na pwani, seli nyingi inazoziona hazina mtu, kwa hivyo miale yake ina nafasi ya kututazama sisi wachache wa ufuoni. Mtu wa Kiunga, wewe pia uko hivyo. Mtu wa Lamu mjini hesabu kwanza madishi mangapi yapo juu ya mapaa.

Sasa kitu ambacho muuzaji hatakwambia na ambacho mie nlikipata kwa kuumia shingo kutazama juu. Nlipofunga mara ya kwanza nliweka dishi chini ya minazi miwili iliyo upande wa kaskazini, nikasema si utosini ni peupe, inatosha. Ikawa inakatika kidogokidogo, sekunde mbili, sekunde tatu. Kosa lilikuwa langu la kuweka hapo. Sisi tuko digrii 3 kusini mwa ikweta, na zile satelaiti za zamani za kilomita 35,786 zimejipanga kwenye mstari unaopita juu ya ikweta, yaani karibu na utosi wetu kutoka mashariki kwenda magharibi. Sheria za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinataka hizi za chini zisiwachafulie hizo za juu, kwa hivyo ule ukanda wa katikati ya mbingu Starlink anauepuka, anahudumia kutoka pembeni yake, kaskazini na kusini. Mtu wa Ulaya ukanda huo uko chini kusini kwake, sisi uko juu ya kichwa. Juu ya hapo, sehemu kubwa ya satelaiti zao zinazunguka kwenye mlalo wa digrii 53, yaani zinafika digrii 53 kaskazini na kusini mwa ikweta halafu zinageuka, kwa hivyo zinajazana zaidi mbingu za London kuliko zetu, huku zinapita kwa nafasi. Ukiwa ikweta basi mbingu yako ina upungufu mara mbili, na mnazi mmoja upande mbaya unakula sehemu kubwa ya kilichobaki. Nikalipandisha kwenye bomba juu ya paa la duka, futi sita juu ya makuti, tangu hapo sijaona kukatika isipokuwa mvua kubwa ya masika, ile inayofanya usione ng'ambo ya barabara, dakika tano kumi halafu inarudi. Mvua inakula masafa haya, hakuna satelaiti itakayokudanganya kwa hilo.

Ndugu zangu wa Nairobi najua mshaanza kuandika "mbona huku". Novemba 2024 Starlink walisimamisha kuuza seti mpya Nairobi na kaunti za jirani, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, sababu ujazo umeisha, wakafungua tena katikati ya 2025. Watu wengi walishangaa, nchi nzima wateja wao hawakufika hata 20,000 mwisho wa mwaka huo, hiyo ni namba ndogo, mtaa mmoja wa Nairobi una nyumba zaidi ya hizo. Lakini ndio hapo sasa mtu aelewe kwamba hesabu sio ya nchi, ni ya seli. Seli ya Ngomeni na seli ya Kilimani zina upana sawa. Miale mingi ukiirundika juu ya seli moja kwa masafa yaleyale inaingiliana, rangi zimeisha, kwa hivyo hata satelaiti iwe na nguvu iliyobaki haina pa kuimwaga, na haiwezi kuchukua kilichobaki Ngomeni ikakipeleka Kilimani zaidi ya pale rangi zinaporuhusu. Hii ndio sababu mie napinga kabisa mtu mwenye faiba mlangoni kununua dishi. Sio kwamba dishi ni baya. Faiba yako ina waya wake, ukichukua dishi unaingia kwenye zamu ya mtu wa Kajiado aliye seli moja na wewe ambaye hana waya wala atakayemvutia waya, na wote wawili mnapungukiwa. Mie nikiwa Mombasa kwa dadangu natumia faiba na naridhika.

Kwa wenye kazi kubwa, meli, migodi, makampuni ya simu, kuna satelaiti za kati, O3b mPOWER ya kampuni ya SES iko kilomita kama 8,000, kila satelaiti inaweza kutengeneza maelfu ya miale na kuongeza au kupunguza nguvu ya mmoja mmoja. Kuna Eutelsat Quantum ya Julai 2021 ambayo miale yake minane inabadilishwa umbo kutoka chini kwa programu, ikiwa tayari iko juu, hiyo ilinifurahisha sana kuisoma. OneWeb, kampuni nyengine ya satelaiti za chini, wako kilomita 1,200, satelaiti zao za kwanza zina miale 16 iliyokazwa mahali pake kama mistari ya pazia, lakini Mei 2023 walirusha moja ya majaribio inaitwa JoeySat yenye miale ya kurukaruka. Zote hizi sijazitumia, nataja tu mjue kila mtu anakimbilia upande mmoja, kuacha mwale uliokazwa.

Kwa hivyo ukipigiwa simu na wakala anakuuzia satelaiti, achana na Mbps za kwenye karatasi, mwulize mwale unaohudumia kijiji changu unahudumia na wapi kwengine? Mmeuza kwa wangapi? Je saa mbili usiku naweza kuja kupima kwa mteja wenu wa karibu? Hilo la tatu ndio zuri zaidi, mie nshawapeleka watu watatu kupima kwa jirani kabla ya kununua, mmoja akaghairi, wawili wakanunua. Wakala akikataa swali la kwanza na la pili sawa, labda hajui, lakini akikataa la tatu shika njia yako.

Mambo madogo ya huku pwani. Chumvi, jameni chumvi. Zile soketi za waya zipake grisi na uzifunge vizuri kwa mpira, kila baada ya miezi mitatu panda uangalie, kutu haingoji. Stima nayo, dishi linakula wati 75 hivi likiwa kazini, mie nina betri ya gari ya volti 12, 100Ah, na inveta, 12 mara 100 ni wati-saa 1,200, na betri ya aina hiyo huimalizi, unatumia nusu, wati-saa 600, gawanya kwa 75 upate kama saa nane za kazi. Inanitosha usiku mzima stima ikienda. Ukiwa na sola tafuta lile dishi dogo lao, linakula kama nusu ya hapo.

Pesa imerudi? Nlikuwa nalipa kwa kampuni ya zamani zaidi ya mara tatu ya ninayolipa sasa, na wateja walikuwa wananuna. Seti ya 45,500 ilijilipa ndani ya miezi mitano, tena bila kupandisha bei ya saa, bado ni shilingi moja kwa dakika kama 2019.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia sababu kabla ya kununua nataka mtu aonyeshwe seli yake ina nafasi kiasi gani, sio ramani ya "ipo" na "imejaa" peke yake, aone kabisa imebaki robo au imebaki nusu, manake seti ni pesa ya mavuno mawili ya mvuvi. Hesabu hiyo wanayo, inafanywa kila sekunde 15. Dishi la zamani nampa nyota moja, na hiyo moja ni ya fundi, aliniambia kweli wakati ofisi yake inaniambia hali ya hewa.

Alhamisi nakwenda Marereni kwa mwalimu mmoja anataka kufungia shule ndogo, nshamwambia kabla sijafika apige picha minazi yote ya kaskazini na kusini ya paa.